Nesi na shahada ya uzamili, wapi na wapi?

Swali hilo nimelisikia mara nyingi chumba cha habari, tena kutoka kwa wasomi wenzangu: nesi anatafuta uzamili wa nini, kuchoma sindano? Wadau, tusicheke tu. Swali lenyewe lina historia, na historia hiyo ndiyo iliyotuzoesha kuliuliza.

Florence Nightingale alipoanzisha shule yake ya wauguzi London mwaka 1860, aliiweka hospitalini, si chuo kikuu. Mfano huo ukasambaa: mwanafunzi anajifunza huku anafanya kazi wodini, na hospitali inapata mikono ya bei rahisi. Mwaka 1909 Chuo Kikuu cha Minnesota, chuo cha umma huko Marekani, kikafungua shule ya uuguzi ndani ya chuo chenyewe. Uingereza, nyumbani kwa Nightingale, ilisubiri hadi 1956, pale Edinburgh ilipoanzisha kitengo chake. Kwa upande wa Afrika, Ibadan nchini Nigeria walianza mwaka 1965.

Sasa tuje kwetu Muhimbili. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret. Uhuru ulipokuja madaktari wazalendo walikuwa wa kuhesabu, ndiyo maana mwaka 1963 ikaanzishwa shule ya udaktari ya Dar es Salaam, na mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu. Na nesi je? Shahada ya kwanza ya uuguzi ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980. Robo karne hivi, ndani ya uzio uleule! Nchi changa isiyo na fedha ilipaswa kuanzia mahali, sawa. Lakini daktari alipita chuo kikuu, nesi akabaki na cheti na stashahada, kisha tukaona ni jambo la kawaida mmoja aamuru na mwenzake aitikie tu.

Leo chuo hicho, ambacho tangu 2007 kinajitegemea kwa jina la MUHAS, kinatoa uzamili wa uuguzi katika huduma kwa wagonjwa mahututi na majeruhi, afya ya akili, na ukunga na afya ya wanawake. Ni miaka miwili ya darasa, wodi na tasnifu. Nadhani tasnifu ndiyo kiini. Nesi ndiye anayekesha na mgonjwa. Ndiye wa kwanza kuona kidonda cha mgongo kwa asiyegeuzwa, au mama aliyejifungua anavyoanza kupoteza damu. Zamani aliripoti, akasubiri. Tasnifu inamtaka ageuze alichokiona kiwe swali, akusanye takwimu, alete jibu linaloweza kubadili utaratibu wa wodi nzima.

Hata hivyo nina wasiwasi. Dada yangu ni nesi katika hospitali ya wilaya, anatamani kusomea uzamili wa ukunga. Aliniambia wenzake wawili waliomtangulia hawakurudi wodi ya wazazi: mmoja anafundisha, mwingine yuko ofisini. Siwalaumu. Walimu wanahitajika, na kila mtu anafuata maslahi. Ila hebu tujiulize: daktari akisomea ubingwa anarudi kwa mgonjwa na tunampanga foleni. Kwa nini nesi akisoma zaidi ndiyo safari ya kumuaga mgonjwa?

Kwa maoni yangu, muuguzi bingwa apewe cheo, mshahara na mamlaka akiwa palepale wodini, na neno lake lisikike kwenye mzunguko wa asubuhi. La sivyo tutakuwa tumemfungulia nesi mlango wa chuo kikuu baada ya kumsubirisha miaka yote hiyo, halafu tunashangaa wodi imebaki tupu.

Naomba kutoa hoja.