Kura ya Siri na Saini ya Hadharani: Vitisho baina ya Wafanyakazi katika Viwanda vya Nguo vya Kusini mwa Marekani, 1929–1980

Utangulizi

Wachungaji wengi wanaotumika katika miji yenye viwanda, mashamba makubwa au hospitali wamekwisha kukutana na jambo hili: watu wawili wanaofanya kazi chini ya paa moja, na kushiriki Meza ya Bwana katika usharika mmoja, wameacha kusalimiana kwa sababu ya chama cha wafanyakazi. Mmoja alikitaka, mwingine alikikataa. Au mmoja alijiunga, mwingine akapeleka jina lake kwa mkuu wa kazi. Aghalabu sisi hulitazama jambo hilo kama ugomvi wa watu wawili, tukawaita na kuwasihi wapatane.

Makala hii inakusudia kulitazama jambo hilo kwa njia ya historia. Tutachukua habari za viwanda vya nguo vya majimbo ya kusini mwa Marekani, kwa kuwa huko mambo haya yaliandikwa kwa kirefu mahakamani na katika utafiti wa kanisa. Hoja yetu ni kwamba woga baina ya wafanyakazi mara nyingi haukuanza kwao. Ulishuka kutoka juu, ukapita mikononi mwao. Kwa sababu hiyo ulinzi wa mnyonge haukuwa wema wa jirani zake peke yake, bali pia utaratibu uliomwezesha kutoa sauti yake pasipo kuonekana.

1. Gastonia, 1929: mahali pasipo na kura

Mji wa Gastonia, katika jimbo la North Carolina, ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya kusokota pamba. Kiwanda cha Loray, kilichomilikiwa na kampuni ya Manville-Jenckes ya Rhode Island, kilikuwa na nyumba zake ambamo wafanyakazi walipanga. Aliyefukuzwa kazi alipoteza na nyumba pia. Katika miaka ya 1920 kampuni ilipunguza watu na kuwaongezea waliobaki mashine za kuangalia. Wafanyakazi walipoanza kujiunga na chama kwa siri, baadhi yao walitambuliwa wakafukuzwa. Tarehe 1 Aprili 1929 mgomo ukaanza.

Wakati ule hapakuwa na sheria iliyowapa wafanyakazi wa viwanda nafasi ya kupiga kura kuamua kama wanataka chama. Kila mtu alitambulikana kwa macho: anayeingia langoni asubuhi na asiyeingia. Mji ukagawanyika. Iliundwa Kamati ya Watu Mia Moja, ambamo wafanyakazi waliobaki upande wa kampuni walishirikishwa ili kuwapinga wenzao. Usiku wa tarehe 18 Aprili watu waliofunika nyuso walivunja ofisi ya wagomaji. Familia zilitolewa katika nyumba za kampuni, zikakaa katika mahema. Mwezi Juni, katika mapambano kwenye kambi ya wagomaji, mkuu wa polisi wa mji, Orville Aderholt, alipigwa risasi, akafa. Tarehe 14 Septemba gari lililobeba wanachama wa chama lilizuiwa njiani na kundi la watu wenye silaha, na Ella May Wiggins, mama aliyefanya kazi ya kusokota nyuzi katika mji wa jirani, aliuawa kwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 28, akaacha watoto watano. Walioshtakiwa kwa kifo chake walikuwa wafanyakazi watano wa kiwanda cha Loray. Mwezi Machi 1930 wote waliachiliwa huru.

Msomaji na auangalie mpangilio wa mambo haya. Aliyepunguza watu na kuongeza kazi alikuwa mbali. Aliyelala kaburini alikuwa mfanyakazi, na walioketi kizimbani walikuwa wafanyakazi pia.

2. Kanisa katika mji wa kiwanda

Je, wachungaji walikuwa wapi? Swali hili lilichunguzwa na Liston Pope, mchungaji na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale aliyezaliwa katika jimbo lilo hilo. Kitabu chake juu ya makanisa na viwanda vya wilaya ya Gaston kilitoka mwaka 1942. Pope alionyesha kwamba wenye viwanda walitoa viwanja na fedha za kujengea makanisa, na mara nyingi walichangia mishahara ya wachungaji. Hakuna aliyehitaji kumwambia mchungaji wa namna hiyo ahubiri nini. Alijua mwenyewe mkate wake unatoka wapi. Mgomo ulipotokea, wachungaji wa Gastonia kwa sehemu kubwa walinyamaza au walisimama upande wa kampuni.

Kwa hiyo mfanyakazi aliyeogopeshwa na mwenzake hakuwa na mahali pa kusema neno lake pasipo hofu. Kiwandani alisikiwa na mnyapara, nyumbani alikaa katika nyumba ya kampuni, na kanisani alikaa mbele ya mtu ambaye naye alikuwa katika daftari la kampuni.

3. Sheria ya 1935 na maana ya kura ya siri

Tarehe 5 Julai 1935 Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria iliyobadili hali hiyo. Iliunda Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi, nayo ikapewa uwezo wa kuendesha uchaguzi wa siri ambao kwao wafanyakazi huamua kama watawakilishwa na chama. Mwajiri alikatazwa kuwatisha au kuwaadhibu wafanyakazi kwa sababu ya chama. Mwaka 1947 sheria iliongezwa, na vyama navyo vikakatazwa kuwashurutisha wafanyakazi. Mwaka 1948 Bodi ilieleza kwamba uchaguzi wa namna hii hauna budi kufanyika katika hali safi, kama ile ya maabara, ili nia halisi ya wafanyakazi ijulikane.

Faida ya kura ya siri hapa ni ya pande mbili. Inamficha mfanyakazi machoni pa mwajiri, na pia inamficha machoni pa mwenzake. Aliyeahidi upande huu anaweza kupiga kura upande ule, na hakuna atakayemdai. Vitisho vinapungua nguvu pale mwenye kutisha asipoweza kujua kama ametiiwa.

4. Darlington, 1956: kura nane na karatasi moja

Hata hivyo siri hiyo ilikuwa ya siku moja tu. Habari za Darlington, katika jimbo la South Carolina, zinaonyesha yaliyoweza kutokea siku zilizofuata. Kiwanda cha Darlington kilikuwa katika kundi la Deering Milliken, lililokuwa na viwanda 27 chini ya uongozi wa familia moja. Roger Milliken alikuwa rais wake. Mwezi Machi 1956 chama cha wafanyakazi wa nguo kilianza kuandikisha wanachama. Kampuni ilikipinga kwa nguvu, ikawahoji wafanyakazi na kuwatishia kwamba kiwanda kitafungwa chama kikishinda. Tarehe 6 Septemba kura zilipigwa: 256 walikitaka chama, 248 walikikataa. Tofauti ilikuwa kura nane.

Katika siku chache baada ya hapo halmashauri ya kampuni iliitwa kufikiri juu ya kukifunga kiwanda. Ndipo karatasi ikapitishwa miongoni mwa wafanyakazi, ya kukikana chama na kuomba kiwanda kiendelee. Asilimia 83 ya wafanyakazi walitia saini.

Hapa tusimame kidogo, tuhesabu. Tukichukua kwamba wafanyakazi walikuwa karibu sawa na wapiga kura 504, asilimia 83 ni watu kama 418. Tukichukua tena kwamba wote 248 waliokuwa wamekataa chama walitia saini, basi watu kama 170 waliokitaka chama walipokuwa peke yao na karatasi ya kura, walikikana mbele ya wenzao. Je, waliongoka nia katika siku zile chache? Yawezekana baadhi walibadili mawazo kwa haki, maana kupoteza kazi si jambo dogo kwa mwenye watoto. Lakini karatasi ya saini ina tabia yake. Huletwa na mtu unayemjua. Hubeba majina ya waliokwisha kukubali, na kwa hiyo huonyesha pia majina yasiyokuwapo. Anayekataa kuitia saini huonekana kuwa adui wa jirani yake, mtu anayetaka watoto wa wengine walale na njaa. Mwenye kiwanda hakuhitaji tena kumtisha mtu huyo, wenzake walitosha.

Na saini zile hazikusaidia. Tarehe 17 Oktoba wenye hisa waliidhinisha kufungwa kwa kiwanda, mwezi Novemba kazi ikakoma, na mwezi Desemba mashine zikauzwa kwa mnada. Zaidi ya watu 500 walipoteza kazi, waliotia saini pamoja na wasiotia. Kesi ilikwenda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, iliyoamua mwaka 1965 kwamba mwajiri anaweza kufunga biashara yake yote apendavyo, lakini hawezi kufunga sehemu yake kwa kusudi la kuwatia hofu wafanyakazi wa sehemu zilizobaki. Mwaka 1980 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Miaka 24 ilikuwa imepita, na baadhi ya waliostahili fedha hizo walikuwa wamekufa. Warithi wao ndio waliozipokea.

5. Woga utokao upande wa pili

Haitakuwa haki kusema kwamba vitisho hutoka kwa mwajiri peke yake. Mwaka 1984 Bodi iliamua shauri la hoteli ya Westwood Horizons, ambapo wafanyakazi waliokuwa upande wa chama waliwatishia wenzao kuwapiga ikiwa hawatakipigia chama kura. Bodi ilifuta matokeo ya uchaguzi, ikaeleza mambo ya kupimwa katika shauri la namna hiyo: tishio lilikuwa la aina gani, lilimlenga mtu mmoja au wote, habari zake zilienea kiasi gani, aliyetisha aliweza kulitimiza au la, na kama lilirudiwa karibu na siku ya uchaguzi.

Vipimo hivi vyafaa kukumbukwa na mchungaji pia. Neno la hasira la mtu mmoja chumbani si sawa na neno lililotembea kiwanda kizima. Asiyeweza kutofautisha hayo mawili atamwonea mmoja, au atamwacha mwingine bila msaada.

6. Maandiko na hali yetu

Wanafunzi wa Agano la Kale watakumbuka habari za Kut. 5. Farao hakukutana na mafundi wa matofali. Aliamuru majani yasitolewe tena, na hesabu ya matofali isipungue. Wasimamizi wake waliwapiga wanyapara wa Kiebrania, ambao wenyewe walikuwa ndugu wa watumwa, na wanyapara walipotoka kwa Farao waliwageukia Musa na Haruni, wakawalaumu kwamba ndio waliowatia katika hatari (Kut. 5:14–21). Pigo lilianza kwa mfalme, likaishia kwa ndugu kumlaumu ndugu. Bwana hakuwakemea wanyapara katika sura hiyo, alisema na Musa juu ya Farao (Kut. 6:1).

Kwa upande wetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Na. 6 ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kukataza ubaguzi dhidi yake kwa sababu hiyo. Chama kinachowakilisha walio wengi mahali pa kazi ndicho kinachopata haki ya kujadiliana na mwajiri kwa niaba yao. Lakini wingi huo hujulikana kwa uanachama, na ada ya mwanachama hukatwa katika mshahara kwa idhini aliyoitia saini, nayo hufika mikononi mwa mwajiri. Yaani, hali yetu inafanana zaidi na karatasi ya Darlington kuliko na sanduku la kura. Jina la mtu linaonekana na mwenye mshahara, na linaweza kujulikana na wenzake. Kanisa lenyewe ni mwajiri katika shule, hospitali na vyuo vyake, na hapo mchungaji anaweza kujikuta katika nafasi ya mwenye kusoma majina.

Hitimisho

Historia hii inatufundisha mambo matatu. Kwanza, tunapoletewa ugomvi wa wafanyakazi wawili, tuulize kabla ya kupatanisha: ni nani aliyetoa tangazo, ni tishio gani lililotangulia, na nani anafaidika kwa ugomvi wao? Upatanisho unaoanza bila swali hilo huwatwika wanyonge wawili mzigo wa mtu wa tatu. Pili, tusiwe watu wa kuomba mikono iinuliwe. Mchungaji anayeuliza katika kikao ni nani aliye mwanachama, au anayepitisha karatasi ya majina kwa nia njema, anaondoa pazia lililokuwa ulinzi wa aliye dhaifu. Tatu, yaliyosemwa mbele ya mchungaji kwa siri yasitoke kinywani mwake, wala kwa mwajiri wala kwa chama.

Watu 256 wa Darlington walisema neno lao mahali ambapo hakuna aliyewaona. Usharika usipoweza kuwa mahali pa namna hiyo, wafanyakazi wetu watajifunza kunyamaza kwetu pia, na sisi tutaudhania ukimya wao kuwa amani.