Zambezi: mtalii alivuka mwisho

Malori ya watalii yanayotoka Cape Town kwenda Maporomoko ya Victoria hutumia kama wiki tatu barabarani. Yanapita jangwa la Namib, yanaingia Etosha kutazama wanyama, yanafuata ukanda mwembamba wa kaskazini mwa Namibia, yanakatisha Botswana kwenye mto Chobe, kisha yanaufikia Zambezi. Ndani mna wageni ishirini na kitu, dereva, mpishi, mahema na masufuria meusi kwa moshi. Mgeni akitazama ramani anaona njia iliyopangwa ikapangika: leo tembo, kesho mto, keshokutwa maporomoko.

Haikupangwa kwa ajili yake. Wawindaji wa pembe waliikanyaga kwanza, wakaja watu wa makaa ya mawe na shaba, wakaja mawakala wa kuandikisha vibarua wa migodini, wakaja vijana waliokuwa wakiwakimbia makaburu. Mtalii alikuta barabara imeshapigwa. Pa kuliona jambo hilo waziwazi ni Kazungula, pale Chobe unapomwaga maji yake katika Zambezi na mipaka ya Botswana, Zambia, Zimbabwe na Namibia karibu ikutane.

Kabla ya daraja, na kabla ya pantoni, mwenye mtumbwi ndiye aliyekuwa na kauli hapa. Mmisionari David Livingstone aliandika habari alizosimuliwa za Sebetwane, kiongozi wa Wakololo waliotoka kusini katika vurugu za karne ya 19. Inasemekana machifu fulani wa Watonga walikuwa na mtindo wa kuwachukua wakimbizi kwa mitumbwi, wakawashusha visiwani katikati ya mto, wakawaacha huko wafe njaa na mali zao zikachukuliwa. Sebetwane alipofika ukingoni alimketisha chifu mwenye mitumbwi kando yake, akamshikilia hapo mpaka mtu wake wa mwisho alipovushwa. Simulizi hiyo ina upande mmoja tu, lakini inaeleza vizuri kwa nini kila aliyetaka kutawala nchi ile alianza kwa kutawala kivuko.

Livingstone mwenyewe aliletwa kwenye maporomoko tarehe 16 Novemba 1855 na wapiga makasia wa Sekeletu, mwana wa Sebetwane. Wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na walikuwa wameyajua vizazi na vizazi. Vitabu vya watalii siku hizi vimejifunza kulitaja hilo. Ambaye bado havimtaji ni Said bin Habib, mfanyabiashara wa Zanzibar, aliyekuwa akizunguka nchi hizo hizo miaka hiyo hiyo. Livingstone alimkuta katika himaya ya Wakololo, na Sekeletu alimkabidhi watu na pembe za ndovu aende nazo Luanda, pwani ya Atlantiki. Yaani mtu wa Unguja alikuwa anaufahamu mwambao wa magharibi na wa mashariki pia, na hakuna aliyemwita mvumbuzi. Masimulizi yake yalichapwa Bombay mwaka 1860, kurasa chache tu, wakati kitabu cha Livingstone kilikuwa kikinunuliwa Uingereza kama mkate. Said alikuwa kazini, anauza na kununua, na watu wa kazi hawana muda wa kushangaa maji yanayoanguka.

Waliokuja nyuma yao walikuja na magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka kusini, na hapo mbung'o wakawawekea mpaka. Karibu na Zambezi wadudu hao waliua ng'ombe na farasi, basi msafiri alilazimika kuacha gari lake Pandamatenga na kumalizia kwa miguu. Mfanyabiashara George Westbeech alifungua kituo hapo mnamo 1871 na kukigeuza soko la pembe. Njia iliyoachwa na magurudumu yao haikufutika: kipande kirefu cha mpaka wa Botswana na Zimbabwe, kutoka Pandamatenga kuja Kazungula, kinafuata njia ya wawindaji. Kabla ya Westbeech, mwaka 1862, walikuwa wamekuja James Chapman na mchoraji Thomas Baines, na picha za Baines zilizochapwa London mwaka 1865 ndizo zilizowatia Waingereza hamu ya kuja kujionea. Lakini hamu peke yake haivushi mtu mto. Waliofungua kivuko cha Old Drift, juu kidogo ya maporomoko, mwishoni mwa miaka ya 1890, walikufa kwa malaria mmoja baada ya mwingine. Waliosalia walihamia kwenye mwinuko, ndipo ukaanza mji wa Livingstone.

Kilichobadilisha yote ni makaa ya mawe. Reli ya kutoka Bulawayo ilikuwa ielekezwe mashariki zaidi. Makaa yalipoonekana Hwange, ikakunjwa kuyafuata, na baada ya Hwange maporomoko hayako mbali. Treni ilifika mwaka 1904, na mwezi Juni mwaka huo huo reli ikafungua hoteli ya mbao na mabati, ile inayoitwa Victoria Falls Hotel mpaka leo. Daraja lilifuata. Lilifuliwa Darlington, Uingereza, likasafirishwa vipande vipande mpaka bandari ya Beira, likaunganishwa juu ya korongo: upinde wa chuma wenye urefu wa meta 198, meta 128 juu ya maji. Lilizinduliwa tarehe 12 Septemba 1905 na Profesa George Darwin, mtoto wa Charles Darwin. Hapa, nakiri, hoja yangu inapata ufa. Kulikuwa na mahali rahisi zaidi pa kuvukia juu ya mto, ila Cecil Rhodes, mkoloni tajiri aliyeisukuma reli hiyo, alitaka abiria wa treni warushiwe manyunyu ya maporomoko dirishani. Rhodes alikufa mwaka 1902 bila kuyaona maporomoko wala daraja. Tamaa yake ya mandhari ililipiwa na biashara ya madini: mwaka 1906 reli ilikuwa Kabwe kwenye risasi na zinki, 1909 ikagusa mpaka wa Katanga, Kongo. Mabehewa ya watalii yaliungwa nyuma ya biashara hiyo. Hotelini wageni walipelekwa kutazama maji kwa vitoroli vidogo juu ya reli nyembamba, wakisukumwa na vibarua Waafrika, desturi iliyodumu hadi 1957.

Magari ya kwanza ya safari ndefu nayo yalikuja kwa kujionyesha. Septemba 1924 Meja Court Treatt na mkewe Stella waliondoka Cape Town na magari mawili ya Crossley, wakafika Cairo Januari 1926. Miezi kumi na sita! Kuna sehemu walizopita ambapo matope yaliwashika wiki baada ya wiki, wakakata miti, wakajenga madaraja ya magogo, na ng'ombe wakaja kuwavuta. Msafiri wa leo anayelalamika kwamba lori la mahema halina kiyoyozi angesomewa habari za Stella jioni moja.

Ukanda ule mwembamba wa Namibia unaopitwa na malori una hadithi inayotuhusu sisi wa pwani moja kwa moja. Shuleni tulikaririshwa Mkataba wa Heligoland wa 1890: Ujerumani ikatambua ulinzi wa Uingereza juu ya Zanzibar, ikaachia Witu, ikapewa kisiwa cha Heligoland. Mwalimu alikomea hapo mara nyingi. Katika mkataba huo huo Wajerumani waliomba pia upenyo kutoka koloni lao la kusini-magharibi mpaka Zambezi, usiopungua maili 20 kwa upana, wakaupa jina la Kansela wao, Caprivi. Waliona mto kwenye ramani wakadhani wamepata njia ya maji ya kuelekea mashariki. Chini ya hapo, kwenye maporomoko, mto unaanguka zaidi ya meta mia moja. Afisa wao wa kwanza hakufika kukaa huko mpaka 1909. Mwaka 2013 serikali ya Namibia ililifuta jina la Caprivi na kuuita mkoa huo Zambezi.

Kwenye ukanda huo huo, mjini Katima Mulilo, mtalii anapigiwa muhuri kwenye kituo cha mpaka kinachoitwa Wenela. Hilo ni jina la shirika lililokusanya vibarua kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Johannesburg. Wenela iliweka kambi Kazungula na Katima, ikafungua barabara za mchangani mpaka Maun, na miaka ya 1950 ikaanza kuwabeba wanaume kwa ndege kupitia Francistown. Mikataba yake ilifika hadi Rungwe, kusini mwa Tanganyika. Tarehe 4 Aprili 1974 ndege yake moja ilianguka Francistown na kuua watu 78, wengi wao Wamalawi waliokuwa wanarudi makwao, na Rais Banda wa Malawi akasimamisha uandikishaji. Njia ambazo vijana hao walipitishwa ndizo zilizokuja kusifiwa katika matangazo ya utalii kuwa nyika isiyoguswa.

Kisha mto ukawa mstari wa vita. Januari 1962 Nelson Mandela alitoka Afrika Kusini kwa siri, akapanda ndege ndogo kutoka Lobatse, akalala Kasane jirani na Kazungula, kesho yake akashuka Mbeya. Katika hoteli ya Mbeya, kama alivyosimulia baadaye, aliona Waafrika na Wazungu wamekaa pamoja bila mtu kujali, na kutoka hapo akaenda Dar es Salaam kwa Nyerere. Hakuwa na pasipoti. Serikali ya Tanganyika ilimpa karatasi ya kumwezesha kutoka na kurudi. Nyuma yake walifuata mamia ya wengine kwa njia ya Botswana na pantoni ya Kazungula. Ian Smith, waziri mkuu wa Wazungu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), alipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ikabaki na shaba yake bila njia salama ya kutokea. Ndipo malori ya mafuta yakaanza kupiga mbio kati ya Dar es Salaam na Ukanda wa Shaba kwenye barabara mbovu iliyoua madereva wengi, na ndipo Wachina wakajenga reli ya Tazara, iliyokabidhiwa mwaka 1976.

Kusini, Zambia ilikuwa na tundu moja la sindano: upana wa Zambezi pale Kazungula. Mwaka 1970 Afrika Kusini ilidai kwamba Botswana na Zambia hazina mpaka wa pamoja, na kwa hiyo pantoni ile haina uhalali. Gaborone ilikataa, Marekani ikasaidia kujenga barabara ya Nata hadi Kazungula, na pantoni ikaendelea kuvusha. Mwaka 1979 jeshi la Rhodesia liliishambulia na kuizamisha.

Mwaka 1975 ndio unaonishangaza kuliko yote. Tarehe 25 Agosti, Vorster wa Afrika Kusini na Kaunda wa Zambia waliwakalisha Ian Smith na viongozi wa Kiafrika wa Rhodesia ndani ya behewa lililosimamishwa katikati ya daraja la maporomoko, ili kila upande ukae katika ardhi yake. Mazungumzo yakavunjika. Oktoba, mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapo, Elizabeth Taylor na Richard Burton walifunga ndoa yao ya pili kwenye mbuga karibu na Kasane. Magazeti ya dunia hayakuikosa harusi hiyo.

Zimbabwe ikawa huru mwaka 1980, lakini malori ya watalii yaliendelea kukatiwa njia na ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Tanzania na nchi nyingine huru ziliwarudisha wageni wenye mihuri ya Afrika Kusini kwenye pasipoti, na wajanja wakaomba mihuri igongwe kwenye karatasi ya pembeni. Baada ya uchaguzi wa 1994 kizuizi hicho kikaondoka, na safari ya Nairobi hadi Cape Town ikageuka bidhaa ya kawaida. Tatizo likabaki kuvuka. Pantoni za Kazungula zilibeba lori moja kubwa kwa mara moja, na madereva wa masafa marefu walilala kwenye foleni siku kadhaa, wengine zaidi ya wiki, huku lori la watalii likipenya mbele. Mwaka 2003 lori lililojazwa kupita kiasi lilipindua pantoni na watu 18 wakazama.

Daraja jipya lilikubaliwa mwaka 2007 na kuanza kujengwa mwishoni mwa 2014, kwa mikopo ya Japani na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lilifunguliwa tarehe 10 Mei 2021, likiwa na urefu wa meta 923 na gharama ya dola za Marekani milioni 259 hivi. Ukilitazama kwa juu utaona limepinda. Zimbabwe haikuwa mshirika wakati wa kuchora, basi wahandisi walilikunja ili lisiguse eneo lake. Katikati waliacha nafasi ya reli, na reli ya kuunganisha nchi mbili kwenye ncha zake imebaki kwenye mipango.

Kwa watalii, jambo lililoleta nafuu kubwa zaidi ni karatasi. Mwaka 2011 nchi tano, yaani Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe, zilitia saini mkataba wa hifadhi ya pamoja ya Kavango-Zambezi, yenye kilometa za mraba 520,000 hivi na tembo wanaokadiriwa kukaribia 228,000. Viza moja ya eneo hilo ilianza mwaka 2014 kwa dola 50, ikakubaliwa na nchi mbili tu, Zambia na Zimbabwe. Mwenye viza hiyo anaruhusiwa kuingia Botswana kupitia Kazungula kwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo: asubuhi anatazama tembo wa Chobe, jioni lazima awe ameshavuka.