Meli: jina lililotungwa ufukweni

Anayekaa ufukweni Mama Ngina, Mombasa, huiona meli ikipinda kuingia bandari ya Kilindini karibu kiasi cha kuhesabu makontena. Huiita “meli” bila kufikiri kwamba neno hilo limetoka kwenye Kiingereza “mail”, yaani barua za posta. Mwaka 1872 kampuni ya meli ya British India ilianza kuleta posta Zanzibar kila mwezi kutoka Aden, na naamini jina lilishika kwa sababu hiyo: waliokuwa nchi kavu walikiita chombo kwa kile walichokisubiri. Tazama pia “manowari”, iliyotoka kwenye jina la Kiingereza la jahazi la kivita. Huko nako aliyesimama pwani alitaka kujua kwanza chombo kinakuja na nini, heri au mizinga.

Yupo atakayesema kwamba maneno haya yaliletwa na mabaharia na makuli wa bandarini, si watazamaji. Kuyaleta, sawa. Lakini mabaharia walileta pia “stima”, linaloitaja mitambo, na “merikebu” ya Kiarabu ilikuwapo zamani. “Merikebu” leo tunaikuta zaidi vitabuni. “Stima” Kenya imehamia kwenye umeme. Lililotamalaki ni lile la barua, na neno halitamalaki kwa vinywa vya mabaharia wachache wanaopita. Linahitaji mji mzima, barazani na madirishani, wenye hamu ya habari za watu wao. Siku hizi barua huja kwa ndege na simu, lakini hata meli ya mafuta, isiyobeba bahasha moja, ni meli tu.