Fahamu 'Baba Yetu', wimbo wa Kiswahili uliotoka kwenye gemu ya PC hadi Grammy (na unavyoweza kuiponza video yako)

Kama ni mtu wa YouTube na TikTok, basi huu umeshausikia. Simba anatembea Mikumi, au droni inapita juu ya mashamba ya mkonge Kilosa, na nyuma yake kuna kwaya kubwa, ngoma nzito na maneno ya Kiswahili unayoyajua tangu utotoni. Wengi hudhani ni wimbo wa filamu. Wengine wanasema ni kwaya ya Kenya.

Si filamu na si kwaya ya Kenya. Wimbo unaitwa "Baba Yetu" na ulitungwa kwa ajili ya gemu ya kompyuta, Civilization IV, iliyotoka Oktoba 2005.

Kwa vijana wa Chanzuru na kata nyingine za Kilosa wanaotengeneza video kwa simu au kompyuta ya mtumba, habari za wimbo huu zinahusu pia mfuko. Ndio wimbo ambao wengi huuchukua bure wakidhani ni wa kila mtu, kwa sababu tu maneno yake ni sala.

Gemu yenyewe ikoje

Civilization IV ilitengenezwa na Firaxis Games ya Marekani, na inabeba jina la Sid Meier, aliyeanzisha mfululizo huo mwaka 1991. Unaanza na walowezi wachache zama za kale, unajenga mji, unagundua maandishi, unapigana au unafanya biashara na majirani, mpaka unafika zama za vyombo vya anga. Inachezwa kwa zamu. Hakuna kukimbizana, kwa hiyo unaweza kuacha ukaenda kula na ukirudi unakuta kila kitu kinakusubiri.

Muziki wake nao unabadilika na zama. Ukifika kwenye karne za Bach na Beethoven unasikia kazi za aina hiyo, na zama za sasa unasikia muziki wa Mmarekani John Adams. Ila kabla hujaanza kucheza, kwenye menyu tu, kinachokupokea ni Kiswahili. Ndio maana kuna watu huko Ulaya na Marekani ambao Kiswahili pekee wanachokijua kwa moyo ni Sala ya Bwana, na hawajui kama wanasali.

Ilianza na urafiki wa chuo

Mtunzi ni Christopher Tin, Mmarekani aliyesoma Chuo Kikuu cha Stanford. Pale alikaa chumba kimoja na Soren Johnson, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunifu mkuu wa Civilization IV. Tin aliwahi kuimba kwenye Talisman, kikundi cha wanafunzi wa Stanford kinachoimba bila vyombo, na chenye nyimbo nyingi za Kiafrika. Johnson alipokuwa akitafuta wimbo wa kufungulia gemu, alitaka kitu chenye ladha ile. Jina la Chris Kiagiri ndilo linalotajwa kama mtu aliyeyaweka sawa maneno ya Kiswahili, na Talisman wenyewe ndio walioimba toleo la ndani ya gemu.

Mzaliwa wa Kiswahili akisikiliza kwa makini atagundua kuna maneno yamebanwa ili yaingie kwenye mdundo, na lafudhi si ya Morogoro. Kwangu hilo haliupunguzii kitu wimbo. Nyimbo ngapi za Kiingereza tunaziimba vibaya zaidi!

Grammy haikupewa toleo la gemu

Hapa ndipo watu huchanganya. Mwaka 2009 Tin alitoa albamu iitwayo Calling All Dawns, yenye nyimbo 12 kwa lugha 12, na Kiswahili ndicho kinachofungua. Kwenye albamu hiyo "Baba Yetu" ulirekodiwa upya na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini pamoja na Royal Philharmonic Orchestra ya London. Toleo hilo la pili ndilo lililoingia kwenye tuzo za Grammy za Februari 2011 na kushinda kipengele cha upangaji wa muziki unaosindikiza waimbaji. Albamu nayo ikabeba tuzo yake.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata Grammy. Kipengele maalumu cha muziki wa magemu kilikuja kuanza kutolewa mwaka 2023, miaka 12 baadaye. Tin ameendelea kutunga kwa ajili ya mfululizo huohuo: wimbo mkuu wa Civilization VI (2016) ni wake, na wa Civilization VII (2025) pia. Hiyo ya mwisho ina Buganda kama moja ya mataifa unayoweza kuyaongoza.

Sasa ishu ya video yako

Sala yenyewe ni ya zamani mno kumilikiwa na mtu, hilo ni kweli. Ukisimama mbele ya kamera ukaisali, hakuna wa kukugusa. Lakini melodia na mpangilio wa "Baba Yetu" ni utunzi wa mtu aliye hai. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Juu ya hapo kuna rekodi, ambayo nayo ina mwenyewe. Kwa maana hiyo, hata kwaya ya usharika wenu ikiuimba upya na kuurekodi vizuri, mmekwepa suala la rekodi tu. La utunzi linabaki palepale, na mnahitaji ruhusa.

YouTube wana mfumo unaoitwa Content ID, unaolinganisha sauti ya video yako na hazina ya kazi zilizosajiliwa. Ikipatikana inafanana, mwenye kazi anaweza kuchagua video izuiwe, au iachwe lakini pesa ya matangazo iende kwake, au ifuatiliwe tu takwimu zake. Hili linaitwa dai, na peke yake haliui chaneli. Kinachoua ni onyo la hakimiliki, ambalo hutokana na mwenye kazi kuomba rasmi video iondolewe. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifuta chaneli nzima na kila kilichomo.

Usidanganyike na maneno "sina nia ya kuvunja hakimiliki" yanayobandikwa chini ya video. Mfumo hausomi hayo. Kutaja jina la mtunzi ni adabu nzuri, lakini si ruhusa. Na kununua gemu kumekupa haki ya kulicheza. Kwamba muziki wake upo kwenye folda kama faili za mp3 za kawaida, unazoweza kuzikopi kwa sekunde mbili, hakubadilishi chochote.

Ukishapata dai, huna haja ya kuifuta video. Ingia YouTube Studio, unaweza kukata kile kipande, kuunyamazisha wimbo au kuweka mwingine badala yake. Muziki wa bure upo kwenye maktaba ya sauti ya YouTube yenyewe, na kazi nyingi za Kevin MacLeod unaruhusiwa kuzitumia mradi umtaje kama anavyoelekeza. Mimi ningeshauri zaidi kurekodi cha kwenu: sauti za mnadani, mvua kwenye bati, au wapigaji ngoma wa kijijini mliokubaliana nao. Kina ladha ambayo maktaba haina.

Kompyuta na programu

Raha ya magemu ya zamani ni kwamba hayachagui mashine. Civilization IV ilipotoka ilihitaji RAM ya MB 512 kwenye Windows XP na nafasi ya GB 1.7 hivi, kwa hiyo kompyuta ya ofisi iliyouzwa mtumba inaiweza. Steam bado wanaiuza. Inakula bando mara moja, ukishaipakua unacheza hata mtandao ukikata.

Kurekodi ndiko kunakohitaji nguvu. Zamani watu walitumia Fraps, ambayo toleo lake la bure lilikuwa linarekodi sekunde 30 tu. Siku hizi wengi wanatumia OBS Studio, ya bure kabisa, ila inataka Windows ya karibuni. Kwenye mashine dhaifu rekodi kwa 720p na fremu 30, usishindane na wenye kompyuta za mamilioni.

Kwa kuhariri, Shotcut na Kdenlive ni za bure. Windows Movie Maker ya zamani isahau: Microsoft waliacha kuitoa Januari 2017, na tovuti zinazoiahidi leo zinaweza kukuachia virusi. Wa simu wanaijua CapCut.

Mambo mawili kwenye OBS yatakuokoa. La kwanza, rekodi sauti ya maiki na sauti ya gemu kwenye njia tofauti. Likija dai la muziki, unaondoa muziki na maelezo yako yanabaki. La pili ni la umeme: weka rekodi iwe ya mkv badala ya mp4 ya kawaida. Umeme ukikatika katikati, mp4 hiyo mara nyingi huharibika yote, wakati mkv inabaki na kila kilichorekodiwa hadi sekunde ile taa zilipozima. Ukirudi, nenda menyu ya File, chagua Remux Recordings, utaigeuza kuwa mp4 ndani ya muda mfupi bila kupunguza ubora, tayari kuipeleka kwenye simu.