Jina la Cromwell: Nasaba na Milki katika Jina la Ukoo

Jina la ukoo, kwa desturi ya Waingereza, hudhaniwa kuwa ni uzi mmoja usiokatika, utokao kwa baba kwenda kwa mwana, kizazi baada ya kizazi. Mtu aitwaye kwa jina fulani huhesabiwa kuwa mzao, kwa upande wa kuumeni, wa wale waliopata kuitwa hivyo kabla yake. Dhana hii ni nyepesi kushikwa, na yeyote aandikaye tarikhi za watu wakubwa aweza kuteleza juu yake. Jina la Cromwell lafaa kuwa mizani ya kuipimia, kwa kuwa ni mashuhuri, hati zake nyingi zimehifadhiwa, na mwendo wake wakataa kufuata njia hiyo iliyonyoka.

Asili ya jina hili ni mahali. Cromwell ni kijiji kidogo cha Nottinghamshire, karibu na mto Trent, nacho kimetajwa katika Domesday Book, kitabu cha hesabu ya ardhi kilichoandikwa kwa amri ya Mfalme William wa Kwanza mwaka 1086. Neno lenyewe ni la Kiingereza cha kale, lenye sehemu mbili: ya kwanza maana yake ni kilichopinda, na ya pili ni kijito. Cromwell, basi, ni Kijito Kilichopinda. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, majina ya ukoo yalianza kuenea polepole, na yalipatikana kwa njia nne kubwa: mahali mtu alipotoka, kazi yake, jina la baba yake, au sifa ya mwili na tabia yake. Jina la mahali lilimfaa bwana mwenye kijiji, na lilimfaa vilevile mkulima aliyekihama kijiji hicho akaenda kutafuta riziki kwingine. Ralph Cromwell, mweka hazina wa Mfalme Henry wa Sita, aliyejenga ngome ya matofali huko Tattershall na kufa mwaka 1456, alikuwa na jina hili. Walter Cromwell, mhunzi na mpika pombe wa Putney kando ya mto Thames, alikuwa nalo pia. Kushiriki jina hakukuwafanya kuwa watu wa nyumba moja. Zaidi ya hayo, Walter alikuwa na jina la pili katika hati za mtaa wake: aliitwa Smith, yaani mhunzi. Jina lake lilikuwa bado halijatulia.

Mwana wa Walter ndiye Thomas Cromwell, aliyepanda kutoka nyumba ya mhunzi hata akawa waziri mwenye nguvu kuliko wote wa Mfalme Henry wa Nane. Mwaka 1538 Thomas alitoa amri kwamba kila parokia ya Uingereza iwe na daftari, na ndani yake yaandikwe majina ya wanaobatizwa, wanaooana na wanaozikwa. Hapana shaka amri hiyo ilisaidia sana kuyaimarisha majina ya ukoo, kwa maana jina lililoandikwa na kutunzwa sandukuni si jepesi kubadilishwa kama lile linalokaa vinywani mwa majirani. Lakini aliyetoa amri hiyo alikuwa mwana wa mtu mwenye majina mawili, na wakati huohuo mpwa wake alikuwa amekwisha kuliacha jina la baba yake.

Mpwa huyo alikuwa Richard, mwana wa Katherine, dada yake Thomas. Katherine aliolewa na Morgan Williams, mtu wa Wales kutoka Llanishen karibu na Cardiff, aliyekuja kukaa Putney akafanya kazi ya kupika pombe. Kwa mila ya Wales, mtu hakuwa na jina la ukoo. Alitajwa kwa jina lake na la baba yake, na katikati likawekwa neno «ap», ambalo kwa maana na kwa matumizi ni sawa na «bin» ya Waswahili. Morgan ap William ni Morgan bin William, na mwanawe angekuwa Richard bin Morgan. Watu wa Wales walipochanganyika na Waingereza, na hasa baada ya sheria ya mwaka 1536 kuiunganisha nchi yao na sheria za Uingereza, jina la baba la kizazi kimoja liligandishwa likawa jina la ukoo wote. Hivyo ndivyo William alivyozaa akina Williams.

Thomas alipoandika wasia wake mwaka 1529, alimtaja mpwa wake kwa jina la Richard Williams. Katika miaka iliyofuata, mjomba alipokuwa karibu na kiti cha mfalme, mpwa akajiita Richard Cromwell. Faida ya jina hilo ilionekana upesi. Henry wa Nane alikuwa akizivunja nyumba za watawa na kuzigawa ardhi zao, na msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Thomas. Richard akapata nyumba ya watawa wa kike ya Hinchingbrooke, na baadaye Ramsey pamoja na mashamba yake mapana. Tarehe 28 Julai 1540 Thomas alikatwa kichwa kwa amri ya mfalme yuleyule aliyemkweza. Mjomba alianguka, lakini ardhi ilibaki mikononi mwa mpwa, na jina likabaki pamoja na ardhi. Hata hivyo wanasheria hawakulisahau jina la kwanza. Katika hati za ukoo huu, kwa vizazi kadhaa, Cromwell na Williams yaliandikwa yote mawili, moja likifuatwa na neno la kuonyesha kuwa mwenyewe huitwa pia kwa jina la pili.

Oliver Cromwell alizaliwa Huntingdon tarehe 25 Aprili 1599. Nasaba yake, ikihesabiwa kwa mtindo wa Waswahili, ni Oliver bin Robert bin Henry bin Richard bin Morgan bin William. Katika mlolongo huo hamna mwanamume hata mmoja aliyezaliwa na baba wa ukoo wa Cromwell. Oliver alikuwa kilembwe cha Katherine, na Thomas hakuwa babu yake, bali mjomba wa baba wa babu yake. Kiingereza kina neno moja tu kwa mjomba na kwa ami, wala neno hilo halimwambii msikilizaji kama undugu ni wa kukeni au wa kuumeni. Kwa hiyo jina lilipofanana, ilikuwa rahisi kosa kuingia. Oliver mwenyewe alijua asili yake: katika hati ya mapatano ya ndoa yake, mwaka 1620, jina la Williams limeandikwa pamoja na la Cromwell. Naye alipokuwa Mlinzi wa Dola mwaka 1653, miaka minne baada ya Mfalme Charles wa Kwanza kuuawa, ngao yake iliyowekwa katikati ya nembo ya nchi ilikuwa na simba mweupe katika uwanja mweusi, nembo iliyotoka kwa wazee wake wa Wales. Jina lilikuwa la mjomba, ngao ilikuwa ya baba.

Oliver alifariki tarehe 3 Septemba 1658. Mwaka 1660 ufalme ulirudi, na tarehe 30 Januari 1661 maiti yake iliyofukuliwa ilitundikwa Tyburn. Jina lililokuwa mali sasa likawa hatari. Henry Cromwell wa Ramsey, mtu wa ukoo wake, akarudi kuitwa Williams, na kwa jina hilo akakaa katika Bunge la mfalme. Richard, mwana wa Oliver aliyemrithi kwa miezi michache tu, aliishi ugenini kwa jina la John Clarke, na akafa Cheshunt mwaka 1712. Katika daftari la kanisa la Mtakatifu Yohana, Huntingdon, mkono wa adui uliandika kando ya ubatizo wa Oliver kwamba yeye ni tauni ya Uingereza, na mkono mwingine ukayafuta maneno hayo kwa mstari. Huko Ireland, ambako mauaji ya Drogheda na Wexford ya mwaka 1649 hayakusahauliwa, jina lake lilikuwa laana ya kumwombea mtu mabaya.

Wa mwisho katika wazao wa kiume wa Mlinzi kuitwa Cromwell alikuwa Oliver mwingine, wa Cheshunt, aliyekufa mwaka 1821. Aliacha binti aliyeolewa katika ukoo wa Russell, na damu yake ikaendelea kwa jina hilo. Jina la Cromwell liliingia katika nyumba hii kwa mwanamke, Katherine wa Putney, likatoka kwa mwanamke. Katikati lilichukuliwa palipokuwa na ardhi na likaachwa palipokuwa na kitanzi. Basi mwanahistoria apewapo jina la ukoo, amepewa habari ya kile ambacho watu walitaka kujulikana kwacho, katika saa fulani na mbele ya mamlaka fulani. Akitaka nasaba, hana budi kufunua hati za ndoa na kuuliza mama alikuwa nani.