Panya wa Kisiba, vumbi la New Mexico na mahindi ya Laela

Mpiga kinanda Betsy Arakawa, mke wa mwigizaji Gene Hackman, alifariki Februari 2025 huko Santa Fe, New Mexico, na ndipo wengi wakasikia kwa mara ya kwanza habari za virusi vya hanta vilivyomuua. Virusi hivyo huingia mwilini kwa kuvuta vumbi lenye mkojo na kinyesi cha panya. Vikishika mapafu, huua karibu wagonjwa wanne katika kila kumi. Dawa iliyothibitika ya kuviua haipo. Daktari humsaidia mgonjwa kupumua mpaka mwili ujipiganie. Kwa mji kama Laela, huko Ufipa, ambako baada ya mavuno magunia ya mahindi hulala chumba kimoja na watu, na panya shamba huyafuata humo humo, kinga inaanzia nyumbani kabla ya hospitali.

Historia ya Tanzania inaiunga mkono hoja hiyo. Mwaka 1897 watu wa Kisiba, katika Kagera ya leo, walikuwa wakifa kwa maradhi waliyoyaita rubunga. Daktari wa Kijerumani, Zupitza, alikwenda huko na sampuli zikafika Dar es Salaam kwa Robert Koch, aliyekuwa ametoka kuchunguza tauni India. Koch alithibitisha kuwa ni tauni hiyo hiyo. Lakini la kushangaza zaidi ni yale aliyoyakuta wenyeji wakiyajua tayari: panya wakianza kufa ndani ya nyumba, maradhi yamebisha hodi, na watu huhama. Wakati huo daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, ndiyo kwanza alikuwa akieleza kuwa kiroboto ndiye mpitishaji, na wenzake walimbishia kwa miaka. Mtu wa Kisiba alikuwa ameshafunga mzigo wake. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1993, vijana wenye afya walipokufa ghafla kusini-magharibi mwa Marekani, wazee wa Kinavajo, wenyeji wa huko, nao walieleza kuwa vifo vya namna hiyo hufuata miaka ya mvua nyingi, panya wanapozidi, na kwamba panya hapaswi kuachwa aingie nyumbani. Maabara ikaja kuwaunga mkono: ilikuwa hanta. Virusi vya jamii hiyo mwanasayansi Ho Wang Lee alikuwa amevipata Korea mwaka 1976, miaka mingi baada ya askari zaidi ya 3,000 kuugua katika vita vya huko.

Atakayesema tungoje dawa aitazame Lushoto. Tauni ina dawa, na ni ya bei nafuu, lakini kuanzia 1980 iliwarudia watu wa Usambara kwa zaidi ya miaka 20, ikawapata zaidi ya 7,000 na kuua mamia. Dawa ilimponya aliyewahi, ila haikumtoa panya ndani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hanta si ugonjwa wetu. Ni kweli, virusi vya jamii hiyo vilivyotangazwa mwaka 2014 kutoka Uluguru na Kilimanjaro vilipatikana kwa kirukanjia, na havijulikani kumdhuru binadamu. Hata hivyo, panya hana ugonjwa mmoja. Mwaka 2022 homa ya mgunda, ambayo panya ni miongoni mwa waenezaji wake, iliwapata watu 20 mkoani Lindi na kuua watatu. Na katika uchunguzi wa wagonjwa 870 wa homa waliolazwa Moshi mwaka 2007 na 2008, zaidi ya nusu waliambiwa wana malaria, ilhali waliokuwa nayo kweli hawakufika wawili katika kila mia. Nchi iliyozoea kuita homa malaria haiwezi kujiaminisha kwamba haina ugonjwa fulani.

Wengine watasema sumu inatosha. Panya shamba mmoja huzaa kumi au zaidi kwa mkupuo. Ukiua waliopo na kuacha nafaka wazi, wengine watahamia. Linalofaa ni ghala la nguzo zilizovikwa bati, au kihenge cha chuma chenye mfuniko. Chumba kilichoingiliwa na panya kifunguliwe milango na madirisha nusu saa, kinyesi kiloweshwe kwa maji ya jiki, kisha kifutwe kwa kitambaa. Ufagio mkavu ndio unaorusha vumbi puani. Kuhusu wizi, unaowafanya wakulima wa Ufipa walale na mahindi yao, wana haki ya kuhofu. Kwa hiyo mzigo huu usiachwe kwao peke yao: halmashauri hukusanya ushuru wa mazao kila msimu, na sehemu ya fedha hizo ingejenga maghala ya vijiji yenye kufuli na mlinzi kabla ya mavuno yajayo.