Safu ya Lugha: Kulehemu si kuchomelea

Kibao cha fundi mmoja huko Adumi, nje ya mji wa Arua, kinatangaza: “Tunachomelea mageti, redio na kompyuta.” Mageti, sawa. Lakini kompyuta ikichomelewa, ndugu msomaji, utarudishiwa plastiki iliyoyeyuka! Redio na kompyuta hulehemiwa.

Kuchomelea ni kuyeyusha vyuma vyenyewe, kwa umeme au gesi, mpaka vishikane. Chuma cha pua hudai joto linalokaribia nyuzi 1,500 za Selsiasi. Kulehemu, neno lililotujia kutoka Kiarabu pamoja na lihamu yake, ni kuyeyusha lihamu tu, yaani bati lililochanganywa na risasi, huku vinavyoungwa vikibaki vigumu. Lihamu ya mafundi redio huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Kazi hiyo ndogo ndiyo iliyozijenga kompyuta za mwanzo: ENIAC ya Marekani, iliyozinduliwa mwaka 1946, ilikuwa na viungo takribani milioni 5 vilivyolehemiwa kwa mkono.

Wanaosema “kusoda” sina ugomvi nao, maana ni ileile. Wanaosema “kubandika” waache. Hiyo ni kazi ya gundi.